Maswali ya Wasomaji: Kamera Kubwa Mgongoni

SWALI: Kwa miaka kadhaa nimepiga picha kwa filamu za milimita 35. Hivi karibuni nimeuziwa kwa bei nafuu kamera ya studio inayotumia filamu za kipande kimoja kimoja, za inchi 4 kwa 5, ile inayokaa juu ya reli moja ya chuma, pamoja na lenzi ya milimita 210. Niliibeba mara moja kutoka Lushoto mjini hadi Irente, na niliporudi mgongo ulikuwa umekataa. Je, niuze kila kitu nianze upya? Seti ya kubebeka inahitaji vitu gani hasa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Pole kwa mgongo. Kabla ya kuilaumu kamera, ningependa uweke mkoba wako wote kwenye mizani, kitu kimoja baada ya kingine, kwa sababu wengi wetu hununua kamera nyepesi kwa fedha nyingi kisha tukaijazia mkoba uleule wa zamani. Swali la kwanza ni picha ngapi unakusudia kupiga kwa siku. Holda moja, yaani kikasha bapa kinachokinga filamu na mwanga, hubeba filamu mbili, moja kila upande, na holda za plastiki huwa na uzito wa gramu 170 hadi 200 hivi. Ukibeba kumi umeshajitwisha karibu kilo mbili kabla ya kugusa lenzi. Mimi nilikuwa nabeba kumi na mbili na kurudi nyumbani na nane ambazo sikuzigusa. Sasa nabeba nne, yaani picha nane, na bado kuna siku ninazopiga tatu tu.

Kamera ya reli iuze bila majuto. Iliundwa kwa ajili ya studio, ambako haihamishwi, na kuipunguza kwa msumeno, kama wengine wanavyofanya, huishia kuiharibu. Unachohitaji ni kamera ya kukunja, ambayo ubao wake wa chini hufunika mvukuto (ule mkunjo mweusi kati ya lenzi na filamu) kama kifuniko cha sanduku. Kamera ya mbao ya Intrepid, inayotengenezwa Brighton nchini Uingereza, ina uzito wa takribani kilo 1.2, na bei yake ni ya chini ukilinganisha na nyingi za aina yake. Zipo pia kamera za zamani za waandishi wa habari kama Crown Graphic ya kampuni ya Graflex: ni imara na hujifunga vizuri, ila sehemu ya nyuma haiinami wala haigeuki, kwa hiyo haikufai ukitaka kuinamisha nyuma ili mawe yaliyo miguuni pako na milima ya mbali vyote vionekane wazi.

Lenzi yako ya 210 ni nzuri, lakini nyingi za urefu huo zenye tundu la f/5.6 hufungwa kwenye shata (kifaa kinachofungulia na kufungia mwanga) kubwa ya Copal 1, nazo hukaribia nusu kilo. Kwa matembezi ningechagua ya milimita 150, ambayo ndiyo lenzi ya kawaida kwa ukubwa huu wa filamu kwa kuwa inakaribiana na urefu wa mshazari wake. Iwe ni Nikkor, Fujinon, Schneider au Rodenstock, tofauti utakayoiona kwenye picha ni ndogo kuliko wauzaji wanavyodai. Chunguza shata kwanza. Fyatua kwa sekunde moja na usikilize: ikisita au ikikwama, mafuta yake yamekauka na itabidi isafishwe na fundi. Jihadhari pia na Angulon ya zamani ya milimita 90, ya f/6.8. Ni ndogo kama kikombe cha kahawa na inavutia, lakini duara la picha yake, yaani eneo la mwanga ambalo lenzi hutupa nyuma, hufunika filamu kwa shida, hivyo ukiinua lenzi kidogo tu pembe zinakuwa nyeusi. Lenzi zote zifunge kwenye vibao (vinavyoshikilia lenzi mbele ya kamera) vya aina ya Linhof Technika, kwa kuwa kamera nyingi za kukunja huvipokea na siku ukibadili kamera hutabadili vibao.

Mahali pasipostahili kubana matumizi ni tripodi, kwa sababu mvukuto hushika upepo kama tanga na ukingoni pa Irente upepo haukosi. Chukua yenye miguu ya kaboni kama unaimudu, au ya alumini isiyo na nguzo ndefu ya katikati, na uitundikie mkoba wenyewe uwe nanga. Vinavyobaki ni vidogo: waya wa kufyatulia, lenzi ya kukuzia ya kusomea kioo cha ukungu (kile cha nyuma kinachokuonyesha picha kabla ya kupiga), kipima mwanga na shuka jeusi la kujifunika kichwa unapotazama kioo, lililoshonewa kitambaa cheupe upande wa nje, maana jua letu litakupika humo ndani. Beba pia utepe wa fundi cherehani wa kupimia urefu wa mvukuto. Ukimsogelea mtu hadi mvukuto wa lenzi ya 150 ukafika milimita 210, gawa 210 kwa 150 kisha uzidishe jibu kwa lenyewe: unapata karibu 2, maana yake filamu inahitaji mwanga mara mbili ya ulioupima.

SWALI: Picha zangu za inchi 4 kwa 5, zikishachapwa, zina vidoa vyeusi, na wakati mwingine weupe kama moshi pembeni. Tatizo ni filamu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ni matatizo mawili tofauti. Vidoa vyeusi ni vumbi lililokaa juu ya filamu wakati wa kupiga, likazuia mwanga. Futa holda kwa brashi kabla ya kupakia, kisha zihifadhi kwenye mifuko ya plastiki yenye zipu. Weupe ni mwanga unaovuja. Ingia chumba cha giza, washa tochi ndogo ndani ya mvukuto na utazame pembe za mikunjo, ambako matundu huanzia. Usipoona kitu, weka holda yenye filamu kwenye kamera, vuta bamba lake linalofunika filamu huku shata ikiwa imefungwa, iache juani kwa dakika mbili, kisha isafishe filamu hiyo kwa dawa. Ikitoka safi kabisa, mshukiwa ni holda: zitie namba zote ujue ni ipi inayovuja.