Anza na aya: kwa wanaoanza kupanga maandishi na kuchapa

Wengi huingia kwenye kazi hii kwa mlango wa mapambo: fonti mia mbili, vivuli, fremu za maua. Anza na aya moja ya maandishi ya kawaida. Aya ikisomeka bila kuchosha, kichwa na picha vitapata pa kusimama. Ikiwa mbovu, hakuna pambo litakaloiokoa.

Chukua aya ya maneno kama 120, ipange kwa fonti moja kwa pointi 10, 11 na 12, kisha zichapishe zote kwenye karatasi moja. Pointi ni sehemu moja ya 72 ya inchi, takriban milimita 0.35, lakini hupima kiunzi ambamo herufi imekaa, si herufi yenyewe. Ndiyo maana fonti mbili za pointi 11 zaweza kuonekana moja kubwa, nyingine ndogo. Amua kwa karatasi, si kwa skrini, na printa iwe kwenye asilimia 100. Ikiachwa itosheleze ukurasa, hupunguza kila kitu kimyakimya na rula yako inakuwa haina maana.

Mstari mzuri una herufi 45 hadi 75, nafasi zikihesabiwa. A4 yenye pambizo za sentimita 2 huacha mstari wa milimita 170. Kwa pointi 11 ni karibu herufi 90 au zaidi, na jicho likirudi kushoto hukosea mstari. Panua pambizo au gawa safu mbili. Kutoka mstari hadi mstari, pointi 14 zinaifaa fonti ya pointi 11.

Sasa Kiswahili chenyewe, kwani programu nyingi hazikutengenezwa kwa ajili yake. Tuna maneno marefu: yanayoshughulikiwa, tutakapowatembelea. Ukinyoosha kingo zote mbili kwenye safu nyembamba, programu hukosa pa kukata, hutanua nafasi kati ya maneno, na mifereji myeupe inateremka katikati ya aya. Nyoosha kushoto tu. Ukingo wa kulia usiolingana haumsumbui msomaji. Ukataji wa maneno wa Kiingereza uzime kabisa, maana utakuletea “kit-abu”. Kata mwenyewe baada ya irabu: ki-ta-bu, nyu-mba, ng’o-mbe. Usiitenganishe mb, nd wala sh, na usiiache m ya “mtu” peke yake mwishoni mwa mstari, ingawa ni silabi halali. Ritifaa ya ng’ iwe iliyopinda kama tisa, si kijiti kilichonyooka. Kabla ya kuichagua fonti ya kichwa, andika “ng’ombe” kwa ukubwa kamili: fonti nyingine huacha pengo baada ya ritifaa, neno likaonekana mawili.

Herufi nzito chukua za fonti yenyewe. Kama haina, kitufe cha kukoleza huzinenepesha tu kwa nguvu, na matundu ya a na e huziba wino.

Kazi ikienda kwa mchapaji, rangi au picha inayofika ukingoni ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande; A5 ya 148 × 210 inakuwa 154 × 216. Rundo la karatasi husogea kidogo chini ya kisu, na bila ziada hiyo utapata uzi mweupe ukingoni. Maandishi yakae ndani ya mstari wa kukatia kwa milimita 5. Picha iwe na pikseli 300 kwa inchi kwa ukubwa itakaochapishwa: ya pikseli 600 inatosha upana wa sentimita 5 tu. Maandishi madogo yawe ya wino mweusi peke yake. Weusi unaochanganywa kwa wino nne (samawati, majenta, njano na nyeusi), mmoja ukisogea hata kidogo, herufi huota vivuli vya rangi.

Kipeperushi cha A4 cha mikunjo miwili ndicho kinachowaangusha wengi. Usigawe 297 kwa tatu: kurasa mbili ziwe milimita 100, na inayokunjwa kuingia ndani iwe 97, vinginevyo itajikunyata. Upande wa nje ile ya 97 inakaa kushoto, na jalada la mbele kulia kabisa. Upande wa ndani ya 97 inahamia kulia. Kabla ya kufungua programu, kunja karatasi tupu, andika namba kwenye kila uso kwa kalamu, kisha ikunjue na uiweke mezani kando yako unapopanga.