Mama mkwe na ghorofa ya 17

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeolewa Vietnam, huu mwaka wa sita. Tulikuwa tukiishi na mama mkwe katika kichochoro cha Bình Thạnh, Ho Chi Minh City (Saigon ya zamani), kwenye nyumba yenye upana wa mita tatu kando ya mfereji. Mwaka jana ikavunjwa kupisha kazi ya kusafisha mfereji. Tukalipwa fidia, tukanunua fleti ghorofa ya 17 upande wa Thủ Đức. Maji yapo, upepo upo, lifti ipo. Lakini mama, mwenye miaka 71, kila asubuhi anapanda metro na kurudi kwenye kipande cha kichochoro kilichobaki, anakaa kwenye kigoda hadi saa sita mchana. Jumatatu alirudi akilia. Mume wangu anasema ni ukaidi wa uzee tu, anataka tumzuie. Unasemaje?
Mkwe wa Saigon

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msimzuie.

Niliwahi kupanga chumba katika vichochoro vya mji huo huo. Wao huviita hẻm. Hanoi wangekwambia ngõ. Anwani yangu ilikuwa na mikwaju (/) mitatu, na wewe unajua maana yake: kila mkwaju ni kona ya kuingia njia nyembamba zaidi. Kufikia mkwaju wa tatu, pikipiki mbili hazipishani bila mmoja kuomba radhi. Asubuhi walipita akina mama na mizegazega yao. Usiku alipita kijana akigonga vijiti, ko-ko, ko-ko, wa hủ tiếu gõ, tambi za kugongewa. Mkokoteni wa tambi aliuacha kwenye kona, yeye akitembea kuchukua oda. Nilifungua mlango, nikaonyesha kidole kimoja, bakuli likaja. Nikichelewa kuamka, jirani alinigongea kuuliza kama naumwa. (Wakati mwingine nilitamani asiulize.) Sasa ko-ko ile inafikaje ghorofa ya 17?

Mumeo anadhani mama amepoteza nyumba. Nadhani alichopoteza ni mlango wa chini. Nyumba zile nyembamba za Vietnam, zinazoenda ndani kama bomba, mbele yake ndipo penye riziki: sebule ni duka asubuhi, maegesho ya pikipiki usiku, na baraza siku nzima. Tangu mageuzi ya Đổi Mới ya 1986 yalipofungulia watu biashara binafsi, mwenye mlango unaotazama njia anaweza kuanza na sufuria moja na vigoda vinne vya plastiki. Je, mama alikuwa akiuza kitu? Hukuandika, ila nabashiri ndiyo. Sheria ya Ardhi ya 2024 ina vifungu vya kusaidia wanaohamishwa kubadili kazi, lakini uzito wa fidia bado uko kwenye mita za mraba na jengo. Mteja aliyezoea mchuzi wako kwa miaka ishirini hapimwi kwa utepe.

Sitaki pia kuvisifia vichochoro kupita kiasi. Mfereji wa Nhiêu Lộc–Thị Nghè, hapo hapo mjini kwenu, ulikuwa mweusi na unanuka. Leo watu wanatembea jioni kando yake. Na Septemba 2023 kule Hanoi, jengo la fleti ndogo ndani ya kichochoro liliwaka usiku, wakafa watu 56, magari ya zimamoto yakishindwa kulifikia kwa wembamba wa njia. Katika hilo mumeo ana haki ya kushukuru lifti.

Ila ghorofa nazo hufugika. Nenda Kim Liên, Hanoi, kwenye fleti za enzi za ujamaa. Wakazi walizipachika vizimba vya chuma madirishani, wenyewe wakaviita vizimba vya chuimilia, humo wakaanika nguo na kupanda mboga. Nyumba za chini zikageuka maduka. Mbunifu wa majengo hakuyachora hayo. Yalichukua miaka mingi, na mama hana miaka mingi ya kusubiri.

Kwa hiyo anzeni na simu. Jengo lenu bila shaka lina kundi la Zalo, programu ya ujumbe ya Vietnam, na humo watu wanauziana chakula kutoka ghorofa moja hadi nyingine. Akipika, wewe andika tangazo, na yeye ndiye apeleke bakuli mlangoni. Usimpelekee! Kugonga milango ndiko anakohitaji. Siku tatu kwa wiki aende kichochoroni kwake bila kuulizwa.

Siku moja nenda naye. Ukipewa kigoda, kaa hapo hapo chini, usibaki umeegemea pikipiki. Habari ya Jumatatu usiiulize, ataisema mwenyewe. Kisha uniandikie alikuwa akiuza nini.