Choo cha mashua ya matembezi: anza na pale uchafu utakapoishia

Vijana wengi wanaoingia kwenye kazi ya mashua za matembezi hapa Tanga huanza na injini, wakafuatia turubai la kivuli, kisha maboya ya kujiokolea. Choo huja mwisho, tena mpaka mgeni alalamike. Nawasihi wadogo zangu mkifikirie mapema, kwa sababu choo ndicho kinachoamua nani atakubali kushinda chomboni mwako. Watazameni akina mama wanaopelekwa kwenye fungu la mchanga asubuhi na kurudishwa alasiri kwa mashua isiyo na choo. Hawanywi maji. Chupa mlizowapa zinarudi zimejaa, na jua la kaskazi mnalijua. Mjamzito, mwenye kisukari, mzee mwenye tezi dume, wote hao ama mnawakosa ama mnawatesa.

Kabla hujaulizia bei, jua uchafu utaishia wapi. Kiambatisho cha 4 cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, kinazihusu meli za safari za kimataifa, zenye tani 400 na zaidi au zilizoidhinishwa kubeba watu zaidi ya 15. Meli hizo haziruhusiwi kumwaga kinyesi ghafi zikiwa ndani ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, yaani kama kilomita 22. Mashua yako ya abiria wanane haimo humo, lakini kipimo kichukue hichohicho. Sasa tazama safari zetu: Toten iko ndani ya ghuba, Yambe na Karange ni pua na mdomo na Mwambani, na mafungu ya mchanga tunayopeleka wageni unayafikia huku minazi ya pwani bado unaiona. Hakuna matembezi ya kutwa yanayofika maili 12. Tena sehemu kubwa ya maji hayo ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (yule samaki wa kale), iliyotangazwa mwaka 2009. Chini ya mashua kuna matumbawe. Maji yakitoka, watu wanatembea kwa miguu palepale wakichokoa pweza, na chaza anayachuja maji hayo na kubaki na vijidudu vyake. Kipindupindu hakihitaji njia nyingine. Kwa hiyo choo kinachomwaga moja kwa moja baharini hakifai kwa kazi ya ghuba, hata kiwe kipya na cha bei.

Zinabaki njia tatu: choo cha kubeba (bakuli juu, chombo cha kupokea uchafu chini), choo cha pampu chenye tangi la kuhifadhia, na choo kikavu kinachotenganisha mkojo na kinyesi.

Hicho kikavu kinasifiwa sana na wenye mashua za Ulaya na Marekani, na kwa juujuu utadhani kimetengenezwa kwa ajili yetu, kwani kinyesi hufunikwa kwa vumbi la makumbi ya nazi, kitu ambacho mkoa huu hatukosi. Tatizo ni kwamba kinategemea ukavu. Watu wetu wanachamba kwa maji. Nusu lita ya maji ikiingia kwenye ndoo ya makumbi kila mara, baada ya watu watatu una uji unaonuka, na inzi wanakufuata mpaka Raskazone. Mwenye chombo anayelala baharini na mkewe, na ambao wamekubaliana kuchambia pembeni, kinaweza kuwafaa. Kwa mashua ya kukodisha, hapana.

Suala la maji ya kuchamba ndilo ambalo vitabu vya maelekezo vya viwandani havilitaji, na ndilo linaloharibu hesabu za mafundi wanaofuata vitabu hivyo neno kwa neno. Chukua abiria wanane, kila mmoja aende mara mbili. Choo cha pampu ya mkono hutumia kama lita 3 kusukuma uchafu hadi kwenye tangi. Ongeza kama lita moja ya mkojo na maji ya kuchamba. Hapo una lita 64 kwa siku moja, wakati tangi ulilouziwa ni la lita 40. Choo cha kubeba kina nafuu, kwa sababu chenyewe hutumia kama nusu lita tu kusafisha bakuli. Ukijumlisha mkojo na nusu lita ya kuchamba, kila mtu anaacha kama lita 1.3 kila anapoingia, na safari nzima ni lita 21. Chombo cha chini cha lita 20 hakitoshi hapo, kwa hiyo nunua viwili, kimoja kikae akiba kikiwa kimefungwa. Shatafu yenye pampu ya umeme usiifunge kabisa, inamaliza maji ya kunywa na kujaza tangi kwa pamoja. Weka birika dogo, au kile kibomba kidogo cha kupulizia maua ambacho hakijawahi kutiwa dawa: kinatoa maji kwa nguvu, na kidogo sana kinatosha.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni choo cha kubeba. Hakitobolewi tundu kwenye chombo, na kikijaa unakipeleka kwenye choo cha nchi kavu. Kikijaa kina uzito wa zaidi ya kilo 20, kwa hiyo panga kurudi maji yakiwa yamejaa, mashua ifike karibu na ngazi. Siku za bamvua maji yakishatoka utakibeba mbali sana juu ya tope na mawe. Dawa ya kuondoa harufu isiwe yenye formalini kama choo unachomwagia kinaingia kwenye shimo la maji taka, maana inaua bakteria wanaolifanyia kazi shimo lile. Kifunge sakafuni kwa mikanda. Kizungushie kuta za mbao nyepesi, mlango wenye komeo la ndani na kishikio cha mkono. Mama mtu mzima hatainuka mbele ya wageni kwenda nyuma ya pazia linalopeperuka.

Vyoo vya umeme navipita haraka: vinanyonya ampia nyingi, chumvi inavila, na betri unayoitegemea kuwasha injini ndiyo inayolipia.

Sasa choo cha pampu, kwa wenye mashua kubwa. Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwani choo hiki kikifungwa vibaya kinaweza kuzamisha chombo kikiwa kimetia nanga na watu wamelala. Bakuli mara nyingi liko chini ya usawa wa maji ya nje. Koki ya maji ya kuingia ikiachwa wazi na mpira ukawa umenyooka kutoka kwenye koki hadi bakuli, bahari itajileta yenyewe ndani, polepole, usiku kucha. Dawa yake ni kuupandisha mpira juu ya usawa wa maji kwa angalau sentimita 20, ukipima chombo kikiwa kimelala ubavu kwa upepo, na kileleni kuweka kipumulio kinachoingiza hewa. Hata hivyo koki zote zifungwe kila baada ya matumizi. Koki ziwe za bronzi au za plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa kazi ya baharini. Brasi ya dukani, ile ya mabomba ya nyumbani, maji ya chumvi yanaondoa zinki ndani yake. Ikwangue kidogo kwa kisu, na ukiona rangi ya waridi jua imebaki sura tu, siku moja itakukatikia mkononi. Kila mwisho wa mpira weka klipu mbili, na zipitishe sumaku, skrubu pamoja na mkanda. Nyingi zina mkanda mzuri na skrubu ya chuma cha kawaida, kinachonasa sumaku na kushika kutu. Kando ya kila koki funga kwa kamba ya katani kizibo cha mti laini kinachoingia kwenye tundu lile. Kazi ya koki ifanyeni chombo kikiwa kimepwelewa mchangani siku za bamvua, na anzeni maji yanapotoka, msisubiri yaanze kujaa.

Kuhusu harufu, wengi humlaumu abiria aliyetangulia. Mara nyingi chanzo ni maji ya bahari yaliyobaki kwenye mpira wa kuingizia. Yamejaa viumbe vidogo, na kwa joto letu vinakufa na kuoza ndani ya siku chache, ndipo mnaposikia ule mnuko wa yai viza mkipampu mara ya kwanza. Mkishateremsha wageni, fungeni koki ya kuingizia, mimineni ndoo ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, bakulini na mpampu mpaka yaishe. Mpira wa kuingizia nao uacheni na maji baridi ndani yake, ukiweza kuuchomoa na kuutumbukiza kwenye ndoo.

Adui wa pili ni gaga jeupe. Mkojo ukikutana na maji ya chumvi unaacha mawe kwenye kuta za mpira wa kutolea, na mpira wa milimita 38 unaweza kuziba mpaka kidole hakipiti. Kila mwezi mimina nusu lita ya siki nyeupe, ipampu ifike katikati ya mpira, iache ilale. Ukichelewa sana, chomoa mpira, uupeleke nchi kavu na uupige juu ya sakafu ya saruji, mawe yatamwagika vipande vipande. Jiki na dawa za kuzibulia mabomba ziwe mbali, zinaukausha mpira wa pampu. Kile kilimi cha mpira kinachozuia uchafu kurudi kibadilisheni kila mwaka, na mapema zaidi mkiona maji yanapanda tena bakulini dakika chache baada ya kupampu. Ncha yake ielekee upande wa tangi.

Kipumulio cha tangi kiangalieni mara kwa mara, kwa sababu nyigu na chumvi hukiziba. Tangi lisilopumua linanuka zaidi, na likijaa presha humrukia anayefungua kifuniko.

Ukinunua mashua iliyotumika, chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto, kikamue, ukisugue kwa nguvu juu ya mpira wa maji taka, kisha kinuse. Kikinuka, harufu imeshapenya mpira wenyewe. Hapo hakuna sabuni itakayosaidia, gharama ya mpira mpya ipunguzwe kwenye bei mnayokubaliana.