Barua kwa mwanangu: bima ya kazini na mimba yako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupokea, na nimeusoma tena na tena kwa furaha. Mungu akulinde wewe na huyo uliyembeba.

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, kama bima ya ofisini kwenu itakulipia kliniki na kujifungua, maana walikuambia ni "bima kamili". Pili, kama ukihamia kwa yule mwajiri mpya mwezi ujao, bima yake itakupokea ukiwa tayari mjamzito. Unajua kazi yangu ilikuwa kupitia madai ya bima, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona mezani kwangu.

Naanza na la pili kwa sababu lina haraka. Tafadhali usipeleke barua ya kuacha kazi kabla hujapata jibu la maandishi. Bima nyingi huwa na kipindi cha kusubiri kwa upande wa uzazi, yaani muda ambao umeshajiunga lakini bado haikulipii. Kwa anayejinunulia mwenyewe, mara nyingi ni miezi tisa mpaka kumi na miwili, kwa hiyo anayejiunga akiwa na mimba hujifungua kabla kipindi hicho hakijaisha. Bima ya kundi, ile anayoilipa mwajiri kwa wafanyakazi wote, aghalabu huwa nafuu zaidi, kwani hatari imegawanywa kwa watu wengi. Baadhi hazina kusubiri kabisa. Lakini nyingine huanza baada ya muda wa majaribio kazini, na nyingine huhesabu tangu siku jina lako lilipoandikishwa, si siku uliyoripoti. Uliza tarehe ambayo bima ya zamani inakoma na tarehe ambayo mpya inaanza. Zikipishana hata wiki mbili, wiki hizo huna bima.

Waraka wa mafao, yaani karatasi inayoonyesha bima inalipa nini na kwa kiasi gani, unaweza kuuomba bila kueleza kwa nini unautaka. Mwajiriwa yeyote ana sababu ya kuusoma kabla ya kusaini. Ila fomu ya afya ikikuuliza kama una mimba, sema kweli. Nimeona madai yakikataliwa yote kwa jibu moja lisilo la kweli kwenye fomu hiyo, na hapo rufaa huwa ngumu kushinda.

Usichanganye pia bima ya matibabu na malipo ya likizo ya uzazi. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo isiyopungua wiki 14, na pale malipo yanapokokotolewa kwa mshahara, yasipungue theluthi mbili ya ulichokuwa ukipata. Lakini si kila nchi imeuridhia, na sheria nyingi huweka sharti la muda uliokaa kazini. Ukihama sasa, muda huo huenda ukaanza kuhesabiwa upya. Hili nalo lipime kabla ya kuamua.

Sasa hiyo "kamili". Neno hilo halina uzito wowote kwenye madai. Kinachohesabika ni jedwali la mafao, na humo uzazi karibu kila mara una kikomo chake, kidogo kuliko kile cha kulazwa. Tafuta mahali panaposema kliniki inakatwa wapi: kwenye fungu la wagonjwa wa nje, au kwenye fungu la uzazi? Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara 8, ya kwanza ndani ya wiki 12 za mwanzo, na apigwe picha ya ultrasaundi kabla ya wiki 24. Hayo yote pamoja na vipimo vya damu yakikatwa kwenye fungu la uzazi, utafika siku ya uchungu fungu limepungua sana. Halafu uliza: upasuaji wa dharura unalipwaje, na ule uliopangwa? Presha ikipanda ukalazwa wiki ya 30, hiyo ni kulazwa kwa kawaida au ni uzazi? Jibu la swali hili la mwisho limewahi kugeuza ankara ya familia nzima.

Lakini hasa nataka unisikie kuhusu mtoto. Kwenye faili zangu zilikuja ankara mbili za siku moja: ya kwanza ina jina la mama na namba ya kadi, ya pili imeandikwa tu "mtoto wa" fulani, na sehemu ya namba iko wazi. Mtoto akishazaliwa ni mgonjwa anayejitegemea. Akizaliwa njiti, yaani kabla ya wiki 37 kutimia, anaweza kukaa wodi ya watoto wachanga majuma mengi baada ya wewe kuruhusiwa. Baadhi ya bima humbeba kwa jina la mama kwa siku chache tu, kisha lazima awe ameandikishwa kama mtegemezi, mara nyingi ndani ya siku 30. Nyingine hazilipi chochote kabla ya kuandikishwa, au huondoa matatizo ya kuzaliwa nayo. Uliza analindwa kuanzia siku gani, karatasi zipi zinahitajika, na kama njiti anagharamiwa. Kumwandikisha mtoto iwe kazi ya mume wako, wewe utakuwa umelala. Na kwa kuwa naye ana bima kazini kwake, linganisheni mapema mtoto aingie kwa nani.

Orodha ya hospitali zinazopokea kadi yako na idhini ya bima kabla ya kulazwa unazijua, sirudii. Ila majibu yote yapokee kwa baruapepe. Ya simu hayashiki.

Nitumie kurasa za uzazi, za wategemezi na za yasiyogharamiwa, za bima zote mbili, nizisome kabla hujamjibu huyo mwajiri mpya. Akikubana, mwombe siku chache. Msalimie mkwe wangu.

Mama yako