Kwa mwalimu mpya wa sayansi: wape vifaa, jibu ubaki nalo

Mwalimu mwenzangu unayeanza kufundisha sayansi shule ya msingi, jambo la kwanza ninalokuomba ni hili: usionyeshe jibu kabla watoto hawajashika vifaa. Ukishawasha taa mbele ya darasa, kazi iliyobaki ni kuiga tu.

Mimi huanza na taa ndogo za LED zinazotolewa kwenye tochi mbovu. Ongea na fundi redio wa mtaani kwako, mara nyingi anazo. Gawa watoto watatu watatu, kila kundi lipate taa moja nyeupe, vipande vya waya na betri moja ya tochi, kisha sema: iwasheni. Haitawaka. Taa hiyo inahitaji takriban volti 3, na betri moja ina 1.5. Kundi moja litasema taa imeungua, jingine litalaumu waya, na mwishowe kuna atakayekuja kuomba betri ya pili. Mpe. Bado wengine watabaki gizani, kwa sababu LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Mguu wake mrefu ndio unaotakiwa kuelekea chanya. Hilo usiliseme. Uliza: "Mmebadilisha nini?"

Swali hilo ndilo nalishikilia kuliko yote. Mtoto akikwama hubadilisha kila kitu kwa mpigo. Anageuza betri na taa kwa pamoja, kumbe amerudi palepale alipokuwa. Au taa inawaka, lakini hajui kilichoiwasha. Mzoeze kubadilisha kitu kimoja, kuangalia, kuandika, ndipo aende kwenye kingine. Na kabla ya kila jaribio aandike anachotarajia. Asipoandika, matokeo yakitoka atasema alijua tangu mwanzo, nawe hutaweza kuona fikra zake zilipobadilika.

Utapata pia maswali usiyo na majibu yake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliweka maziwa ya moto kwenye friza kutengeneza aiskrimu, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo mwanafizikia Denis Osborne aliyekuja kutoa mhadhara, na wenzake wakamcheka. Osborne alienda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ya pamoja. Hadi leo wanasayansi wanabishana kuhusu jambo hilo. Kwa hiyo mtoto akikuletea jambo linalosikika la ajabu, neno lako la kwanza liwe "tujaribu".

Siku usipokuwa na betri, karatasi zinatosha. Weka vitabu viwili, acha nafasi katikati, waombe wajenge daraja kwa karatasi moja libebe sarafu. Karatasi bapa hupinda mara moja. Ikikunjwa migongomigongo kama bati la paa, hubeba nyingi. Wengi huligundua wenyewe.

Jihadhari na mtoto mwepesi anayenyakua kila kitu. Kanuni yangu: anayetoa wazo hashiki vifaa, anayeshika hufuata maelekezo, wa tatu anaandika, halafu wanabadilishana. Usipobadilisha, utakuta wasichana ndio waandishi kila kipindi, na mikono yao haijagusa waya. Hilo linaniuma sana, kwa hiyo lisimamie tangu wiki ya kwanza.

Usalama nao hauna mjadala: umeme wa ukutani hauguswi kabisa, na waya usiunganishwe moja kwa moja kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine, maana hupata moto na kuunguza vidole. Hesabu betri kabla watoto hawajatoka.

Kengele ikilia kabla taa ya kundi fulani haijawaka, usiwawashie. Waandike jambo la mwisho walilojaribu, na kipindi kijacho waanzie hapo.