Kabla hujachemsha majani ya mstafeli, isome makala ya utafiti mpaka ndani

Nilisoma baiolojia ya molekuli chuoni, nikafanya kazi ya maabara miaka kadhaa, na bado nilimchemshia shangazi yangu majani ya mstafeli kwa wiki tatu. Naanza na hilo ili ujue kuwa anayekushauri naye aliteleza.

Shangazi anakaa Kibokoni, Mombasa. Alipoambiwa ana saratani ya titi, kikundi chetu cha WhatsApp cha ukoo kiligeuka duka la dawa. Huyu katuma asali na manjano, yule katuma habasoda. Kisha ami mmoja akatuma kitu kilichoninasa mimi hasa: makala ya kisayansi yenye grafu, majina ya watafiti na vyuo vyao, ikisema dondoo ya majani ya mstafeli imeua seli za saratani. Wenzangu waliona Kiingereza kigumu tu. Mimi niliona neno apoptosisi, yaani seli kujiua yenyewe kwa utaratibu wake, nikavimba kichwa. Nikasoma ikisari, yaani ule muhtasari wa mwanzo, nikaruka hadi hitimisho, nikavuka feri kwenda Likoni kwa rafiki mwenye mstafeli uani.

Shangazi akawa anakunywa vikombe viwili kwa siku. Na kwa kuwa majani hayakumtapisha kama kemo, zile dawa za saratani za hospitali, akakosa siku moja ya kliniki, kisha ya pili. Sikumkataza.

Usiku mmoja, nikitafuta majani yachemshwe kwa muda gani, ndipo nikaifungua sehemu ya mbinu, ile ambayo ningeanza nayo. Majani yalikaushwa, yakasagwa, yakalowekwa kwenye ethanoli, ethanoli ikavukizwa ikabaki dondoo nzito. Dondoo hiyo ndiyo waliyozimwagia seli zilizokuzwa kwenye sahani ya plastiki. Hakukuwa na mgonjwa hata mmoja. Hata panya hakuwamo. Mimi huku nachemsha majani kwa maji ya mfereji kwenye sufuria ya chai!

Seli za kwenye sahani hazina ini la kuivunja dawa wala figo za kuitoa. Zimwagie maji ya bahari ya pale Mama Ngina, zitakufa vilevile. Kazi ngumu ya tiba ni kuziua seli za saratani na mwenye nazo abaki mzima. Na mstafeli wenyewe si mpole kama tunavyoudhania: mwaka 1999 watafiti waliofanya kazi kisiwani Guadeloupe, katika Karibi, waliandika kwenye jarida la Lancet juu ya wagonjwa wenye dalili zinazofanana na Pakinsoni, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, wakizihusisha na kula matunda na kunywa majani ya miti ya jamii hiyo.

Kwa hiyo ukitumiwa utafiti wa saratani, acha ikisari, nenda kwenye mbinu, uliza: walimpima nani? Seli, panya au watu? Kama ni watu, wangapi, na walilinganishwa na nani? Dawa ilikuwa kiasi gani, na iliingiaje mwilini? Swali hili moja la "nani" lingeniokoa wiki tatu.

Usione haya kuuliza, kwa sababu hata mabingwa wamewahi kutojua walichokuwa nacho mkononi. Mwaka 1966 mtaalamu wa jenetiki Stanley Gartler alionyesha kwamba aina 18 za seli ambazo maabara ziliamini ni tofauti tofauti zilikuwa zimevamiwa na seli za HeLa, zile zilizotolewa mwaka 1951 kwenye saratani ya mlango wa kizazi ya Henrietta Lacks huko Baltimore. Mtu alidhani anachunguza kiungo kingine kabisa, kumbe ni yeye yule Henrietta.

Au chukua protini ya p53. Iligunduliwa mwaka 1979, na kwa takriban miaka kumi iliaminika kuwa inachochea saratani. Mwaka 1989 ndipo ikabainika kuwa ni kinyume chake: ikiwa nzima, ni mlinzi anayezuia seli yenye DNA iliyoharibika isiendelee kugawanyika. Nakala za jeni ya protini hiyo ambazo watafiti walikuwa wakizitumia mwanzoni zilikuwa na kasoro, nao wakazidhania nzima. Majaribio yenyewe hayakuwa ya uongo. Tafsiri ndiyo iliyokuwa kichwa chini miguu juu, tena kwenye majarida makubwa.

Jambo la pili: makala moja ni makala moja. Mwaka 2012, kwenye jarida la Nature, Glenn Begley na Lee Ellis walieleza kwamba wanasayansi wa kampuni ya dawa ya Amgen walijaribu kuthibitisha tafiti 53 mashuhuri za saratani, wakafaulu kwa 6 tu. Kwa hiyo tafuta kama kuna wengine waliorudia. PubMed, hazina ya makala za tiba ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ni bure hata kwa simu, na makala iliyobatilishwa huwekewa tangazo hapo juu. Mimi ningetumia dakika tano tu.

Sisemi utafiti wa maabara haufiki kwetu. Unafika, ila kwa mwendo wake. Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walitambua virusi vya HPV aina ya 16 kwenye saratani ya mlango wa kizazi mwaka 1983, kisha aina ya 18, ambayo imo hata kwenye seli za HeLa. Virusi hivyo ndivyo vinavyosababisha saratani hiyo, na chanjo ya kwanza ya kuvikinga ikaidhinishwa mwaka 2006. Oktoba 2019 Kenya ikaizindua hapa hapa Mombasa, kwa wasichana wa miaka kumi. Kama una binti wa umri huo, mpeleke. Jamaa wanaopigia debe kila jani ndio hao hao wanaoikimbia chanjo hii, na hilo linaniudhi kuliko stafeli.

Na mwisho kabisa, mwambie daktari kila unachokunywa. Niliogopa aibu, lakini nikampeleka shangazi kliniki na kueleza yote. Daktari hakufoka. Alifungua faili, akamgeukia shangazi.

"Mama, ulikuwa ukinywa vikombe vingapi kwa siku?"

"Viwili," shangazi akajibu, kisha akanielekezea kidevu. "Na cha tatu kila akija huyu msomi wangu."

Daktari akaandika vitatu.