Gunia kumi sawa, ila anza na ukavu

Mkuu, umeuliza kama gunia kumi za mahindi zinatosha watu sita mwaka mzima hapo Kasulu endapo janga kubwa likifunga barabara. Kwa nusu kilo kwa mtu kwa siku zinakaribia, na kama kuna watoto wadogo zinatosha, ila nakusihi usianze na idadi, anza na ukavu. Chukua mahindi kidogo na chumvi kavu, tia kwenye chupa kavu, tikisa vizuri halafu iache kidogo, chumvi ikinata kwenye chupa hayo bado mabichi, rudisha juani maana unyevu unaleta sumukuvu na hiyo hata ukipika haitoki. Yakikauka jaza kwenye mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, kandamiza hewa itoke, funga kila mfuko wa ndani peke yake, dumuzi wanafia humohumo bila dawa. Usifungue-fungue!

Muhogo uache shambani, ndo ghala lenyewe, unachimba ukihitaji. Dagaa kavu, maharage, mawese weka, na chumvi ya Uvinza iko jirani nunua nyingi.

Maji ndo yananipa hofu zaidi. Chemsha, na kuni zikiisha tia maji maangavu kwenye chupa za plastiki zisizo na rangi, lita moja au mbili, anika juani masaa sita, kukiwa na mawingu ziache siku mbili. Na mbegu jamani tenga za asili, hibridi ukiirudia msimu wa pili mavuno yanashuka.